Kijiko Alichokirudisha

Sura ya Sita

Mtu akishapenda, hata akili ya kuchagua chakula humtoka. Lukresia alikuwa na jogoo wa kuchinja, alikuwa na mchele mzuri, na alikuwa na mama ambaye michembe yake ya viazi vitamu ilisifiwa kuanzia Geita mpaka kwao Ushirombo. Vyote hivyo akavipa kisogo. Shangazi wa mchumba wake anakuja kumwona kwa mara ya kwanza, naye bibi wee kaamua kumpokea kwa pudini ya chokoleti na kahawa. Ungemuuliza sababu angekujibu kwamba ni heshima kwa mgeni. Heshima gani, yalikuwa mapenzi tu, na safari hii yalimwelekeza vibaya.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, mgodi wa dhahabu ukinguruma usiku na mchana. Baba yake, mzee Telesphori, alikuwa seremala wa mgodi na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na rozari mfukoni. Lukresia mwenyewe alisaidia jikoni kwa mke wa Mzungu mmoja mpimaji, na huko ndiko alikojifunza mapishi ya ajabu ajabu. Yule mama aliposikia kwamba binti anakaribia kuolewa, alimzawadia kopo la kakao na kipande kikubwa cha chokoleti kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Lukresia alikificha ndani ya sanduku la nguo, akawa anakifungua kukinusa tu na kukifunga tena.

Mchumba wake alikuwa Damian, kijana wa Kisukuma kutoka Mhunze, mchimbaji wa chini ya ardhi. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye tabia ya kumtazama Lukresia mpaka binti wa watu anasahau alichokuwa akisema. Posa ilishapokelewa. Kilichobaki ni ng'ombe wa mahari, na ng'ombe hao walikuwa katika zizi la shangazi yake, Mbuke, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Mbuke alikuwa ametuma neno kwamba ng'ombe hawatoki mpaka amwone huyo binti kwa macho yake. Na asipompenda, Damian angerudi na shangazi yake Mhunze, ambako binti mwingine alishaandaliwa na nyumba ilishaezekwa.

Mambo yalibanana zaidi kwa sababu ya padri. Alikuwa akifika kigangoni pale mara moja kwa mwezi, na tangazo la kwanza la ndoa yao lilipangwa kusomwa Jumapili hiyohiyo. Shangazi alitarajiwa Jumamosi jioni. Ale, alale, aamke ameridhika, waende kanisani pamoja. Hivyo ndivyo walivyopanga, na ulikuwa mpango mzuri kabisa.

Jumamosi asubuhi Lukresia akaingia mekoni. Alikaanga buni za Bukoba katika chungu kipana mpaka moshi ukawatoa majirani nje kuulizana kinachoungua. Akazitwanga kinuni, akachemsha unga wake kwa maji kidogo, akauacha motoni mpaka maji yakawa mazito, kisha akayachuja kwa kitambaa cha marekani. Damian alimkuta hapo, ametoka zamu ya usiku, ameshaoga, anataka kusaidia. Mama Lukresia, yaani mama Bernadina, alimwambia kwamba mwanamume hana kazi mekoni. Damian akaomba msamaha kwa heshima zote, na akabaki palepale.

Basi Lukresia akampa mwiko. Akamwonyesha maziwa yanavyopashwa bila kuachwa yachemke, viini vya mayai vinavyopigwa na sukari na unga kidogo wa ngano, na kakao inavyovurugwa kwanza kwa maji ya moto ili isifanye madonge. Kila alichotia alikitaja, naye Damian akakirudia kwa sauti, kama mtoto wa mafundisho ya dini. Mwisho akavunja ile chokoleti, wakaitazama wote wawili inavyolainika na kupotelea ndani ya maziwa. Walikuwa karibu mno, na mama Bernadina akawa anakohoa kila mara bila kuwa na kikohozi.

Ikabaki kahawa. Yule mama wa Kizungu alikuwa akitia vijiko vitatu tu, na pudini yenyewe waliila katika vikombe vidogo vidogo, wakiilamba kidogo kidogo baada ya chakula. Lukresia alilikumbuka hilo vizuri sana. Lakini akajiambia kwamba mgeni wa heshima hapimiwi kwa kijiko, akaimimina kahawa yote.

Rangi ikabadilika hapohapo. Mama Bernadina akachungulia sufuria, akasema kwa sauti ya chini kwamba chakula cheusi namna ile si cha kumpa mtu anayekuja kukuona kwa mara ya kwanza. Amchinjie jogoo. Lukresia akacheka. Damian hakucheka.

"Nikuombe kitu kimoja," alisema Damian, akiendelea kukoroga. "Shangazi akifika, usiweke chakula mbele yake ukakaa. Onja wewe kwanza, yeye akiona."

"Si ndiyo desturi ya kila mahali? Nani asiyeonja?"

"Wapo wanaosahau. Kwake hilo halina msamaha."

Akamweleza. Baba yake, mzee Maduhu, hakufa kwa ugonjwa. Alinyweshwa pombe yenye sumu kwa rafiki yake, na aliyeileta hakuionja. Mbuke alikuwepo. Tangu siku hiyo hajagusa chakula cha mtu ambaye hakutangulia kukionja, hata awe ndugu wa damu. Lukresia aliyasikia, lakini alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa anayetazamwa na mtu anayempenda. Akamwambia ataonja mpaka shangazi aone wivu. Pudini ikamiminwa katika bakuli kubwa la kauri, bakuli likawekwa ndani ya karai la maji baridi, likafunikwa kwa kawa.

Jioni ikafika, shangazi hakufika. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha upande wa Shinyanga, na dereva mmoja aliyepita akasema kwamba lori la abiria limenasa kwenye tope na watu watalala njiani. Damian akaenda kumsubiri barabarani. Kabla ya kwenda walipitia kanisani wote wawili wakaungama, kwa maana padri alikuwa ameshawasili.

Hapa inafaa nikukumbushe jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Mkatoliki aliyetaka kupokea Komunyo hakutia kitu kinywani tangu saa sita ya usiku. Si uji, si mkate, hata tone la maji. Aliyeonja chochote, siku hiyo hapokei, basi. Wala haikuwa dhambi kuonja. Dhambi waliitengeneza watu. Mwaka uliopita binti mmoja aitwaye Philomena alisomewa tangazo la ndoa, na ulipofika wakati wa Komunyo akabaki amekaa kwenye benchi. Kabla kengele ya mwisho haijapigwa, kigango kizima kilikuwa kimeshampa mimba. Na ikawa kweli anayo. Tangu hapo, mchumba anayesomewa tangazo alikuwa akihesabiwa kila hatua yake kuelekea altareni, na Lukresia, anayeshinda katika nyumba ya Wazungu, alikuwa na maneno yake tayari yanayomsubiri.

Jumapili jua linachomoza, Damian akaingia uani na shangazi yake. Mbuke alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, miguu imejaa tope mpaka magotini, uso umechoka kwa kulala ndani ya lori. Lukresia akapiga magoti, akamsalimu kwa Kisukuma alichofundishwa.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," akajibu Mbuke. Hakumtazama yeye. Alitazama mikono yake.

Akapewa maji ya kunawa, akapewa kigoda. Mzee Telesphori akampa pole ya safari, wakaulizana habari za mvua na za mifugo. Mgeni alikuwa na njaa, jambo hilo halikuhitaji kuulizwa, na muda wa kwenda kanisani ulikuwa bado. Yeye hakuwa amebatizwa, hakufungwa na mfungo wa mtu yeyote. Lukresia akaenda ndani akalitoa bakuli kwa furaha. Pudini ilikuwa imeganda vizuri mno, juu imetulia, inang'aa. Akaiweka mbele ya mgeni na kijiko kipya.

"Hiki ni nini?" akauliza Mbuke.

"Ni pudini, mama. Ni maziwa, mayai, kakao na kahawa."

Mbuke akainama akanusa. Alikaa ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa chakula. Kisha akakaa sawa.

"Haya, mwanangu. Onja."

Jamani, siku zote desturi huwa nyepesi mpaka siku inapokuja kukudai. Lukresia alichukua kijiko bila hata kufikiri. Akachota. Kikafika karibu kabisa na midomo, harufu ya kahawa imeshaingia puani, ndipo mzee Telesphori aliposema kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ileile ya siku zote, "Lukresia. Leo ni siku gani?"

Mkono ukasimama. Akamwona Philomena, akaona mabenchi ya kanisani na vichwa vinavyogeuka, akamwona baba yake asivyoweza tena kusimama mbele ya wenzake. Na mbele yake yupo huyu mama wa watu anamtazama bila kupepesa. Alikuwa kati ya moto na maji ya moto. Angeonja, angeitwa malaya kabla ya jua la utosini. Asipoonja, angeitwa jina baya zaidi. Akakirudisha kijiko ndani ya bakuli.

Pudini ilikuwa na shimo dogo pale kijiko kilipochota, na Mbuke alilitazama shimo lile.

Mzee Telesphori akaanza kueleza habari za mfungo, taratibu, kwa heshima. Mama Bernadina akaingilia kati, akasema ataonja yeye, kwake Komunyo si lazima leo, yeye ni mtu mzima hakuna atakayemsema. Mbuke akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba hakupika yeye. Akamgeukia Lukresia.

"Kwa hiyo Mungu wenu amekukataza kuonja siku hiihii niliyokuja mimi."

"Ni kila Jumapili ya Komunyo, mama. Nakuapia."

"Ulikichota. Ukakifikisha mdomoni. Mtu anayejua chakula chake ni kizima hakirudishi kijiko." Hakuwa amepandisha sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hilo ndilo lililomtisha Lukresia kuliko maneno. "Kaka yangu Maduhu nilimwambia asubiri mwenyeji aonje. Akanijibu nisimwaibishe mbele za watu. Nikanyamaza, nikaogopa kuonekana sina adabu. Kesho yake tulikuwa tunamchimbia kaburi. Mimi sinyamazi tena, binti."

Akainuka. Akamwambia Damian achukue mzigo, warudi barabarani. Tangazo lisisomwe. Mambo ya ng'ombe yaishie hapohapo, kwa amani, bila ugomvi.

Lukresia alimtazama Damian. Alitaka kumwambia afanye kitu, na hakujua afanye nini. Damian naye alikuwa akimtazama yeye, macho mekundu kwa kukesha barabarani, na katika macho yale hakuona shaka hata chembe. Akapiga hatua mbili, akaliinua bakuli.

"Nitaonja mimi, sengi," alimwambia shangazi yake.

"Hukupika wewe."

"Nilikoroga. Kila kilichotiwa humu nilikiona."

"Damian, weka hilo bakuli chini."

Hakuliweka. Akala akiwa amesimama. Kijiko cha kwanza, cha pili, akaendelea. Angeweza kuishia hapo, lakini ujana ulimkaba, akataka kumaliza maneno yote kwa siku moja. Akala pudini iliyopikwa kwa ajili ya watu wa nyumba nzima na mgeni wao, tumbo tupu tangu jana jioni, na macho hakuyatoa kwa Lukresia. Mzee Telesphori aliinamisha kichwa, kwa sababu alijua kijana ameitupa Komunyo yake na heshima yake mbele ya kigango. Uani kilisikika kijiko tu.

Na Lukresia je? Alikumbuka vile vikombe vidogo vidogo. Alikumbuka vijiko vitatu. Neno la kumwambia basi, inatosha, lilikuwa mdomoni. Lakini hakuna aliyewahi kumpenda hadharani namna ile, na alitaka aendelee kupendwa. Akalimeza neno lake.

Damian akamaliza, akaligeuza bakuli juu chini shangazi yake aone.

"Umekula, mwanangu," alisema Mbuke. "Mimi nimekuona na wenzangu hawa wamekuona. Sasa tusubiri."

Wakaenda kanisani. Mzee Telesphori alitangulia, wanawake wakafuata, Damian akatembea pembeni. Walipofika kwenye mteremko Lukresia aliona jasho kwenye shingo yake, na ilikuwa asubuhi ya baridi baada ya mvua. Akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba. Akamuuliza kwa mnong'ono kama yuko salama.

"Moyo unakwenda mbio," alijibu, akatabasamu. "Nadhani ni furaha."

Alikuwa ameikunja mikono kwapani ili isionekane inavyotetemeka. Lukresia alitaka kumwambia kwamba ni kahawa, imezidi, ni kosa lake, anywe maji mengi akapumzike. Baba yake akageuka nyuma. Lukresia akaongeza mwendo akarudi kwa wanawake, akijiahidi kwamba atamwambia baada ya Misa.

Kanisani wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao. Mbuke hakuingia. Alibaki nje penye dirisha la upande wa wanaume, kimo chake kikamwezesha kumwona kijana wake vizuri. Misa ikaanza kwa Kilatini, waumini wakaimba. Lukresia hakuimba. Alimtazama Damian jinsi goti lake lilivyokuwa likichezacheza, jinsi alivyojifuta uso kwa kiganja na kujifuta tena, jinsi jirani yake kwenye benchi alivyomsogelea na kumuuliza kitu. Aliomba Mungu amtie nguvu. Kisha akaomba Mungu amsamehe. Hakujua anaombea lipi kati ya mengi.

Padri akaja kwenye mahubiri. Kabla ya kuhubiri akachukua karatasi ya matangazo, akasoma kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba wanaotaka kufunga ndoa takatifu ni Damian, mwana wa marehemu Maduhu wa Mhunze, na Lukresia, binti wa Telesphori wa Ushirombo.

Jina la Lukresia lilikuwa halijamalizika kutamkwa Damian aliposimama. Akashika benchi la mbele. Akapita kwenye magoti ya watu, mkono mdomoni, akaegemea ukuta, akatoka nje. Kanisa zima likageuka kumtazama yeye, kisha likageuka kumtazama Lukresia.

Mama Bernadina alimshika mkono akae. Lukresia akajinasua. Alipita katikati ya mabenchi mbele ya padri, mbele ya baba yake, mbele ya macho yote aliyokuwa akiyaogopa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakujali wangesema nini.

Alimkuta nyuma ya kanisa, amepiga magoti kwenye nyasi zenye maji, anatapika. Mbuke alikuwa amemshika paji la uso kama anavyoshikwa mtoto. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Watu waliochelewa Misa walikuwa wamesimama kando, wanakitazama, hakuna anayesogea.

"Ni kahawa, mama," alisema Lukresia. "Ni kahawa tu, niliizidisha. Hajalala, hajala, imemzidi nguvu. Mpeni maji."

"Usimguse."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema usimguse." Mbuke alikuwa akilia sasa, machozi yanateremka bila sauti. "Mmoja mlishamchukua."

Lukresia akapiga magoti pia, kwenye matope, na gauni lake la kanisani. Alijua kwamba Damian akimtazama tu, yote yatakwisha. Damian ndiye aliyeshika mwiko. Ndiye aliyetaja kila kitu baada yake, maziwa, mayai, sukari, unga, kakao, mpaka mama Bernadina akawaonea haya. Aseme neno moja kwa shangazi yake.

Damian akainua kichwa. Midomo ilikuwa imekauka na mwili mzima unatetemeka. Alimtafuta Lukresia kwa macho akampata. Lukresia aliyajua macho yale yakiwa na furaha, yakiwa na wivu, yakiwa na usingizi wa zamu. Hakuwahi kuyaona yakimwogopa.

"Lukresia," alisema. "Uliweka nini?"

Angeweza kumtajia tena, kimoja baada ya kingine. Hakumtajia, kwa sababu hakuulizwa kama mpishi anavyoulizwa. Mbuke naye alilisikia swali, na waliosimama kando wakalisikia.

Kupitia dirishani sauti ya padri, aliyekuwa amewatuliza waumini, ilikuwa ikiendelea, taratibu, haijui lolote la nje. Alikuwa akisema kwamba mtu yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii anawajibika mbele ya Mungu kukisema. Mbuke akakilaza kichwa cha Damian kwenye nyasi kwa upole. Akasimama, akakaza kanga kiunoni, akaanza kuelekea mlango wa kanisa.

Lukresia alisubiri. Mlango haukuwa mbali na mama yule hakuwa anakimbia, neno moja tu la Damian lingetosha kumrudisha. Damian alimwona shangazi yake akienda, na hakumwita.